Kitabu cha kusikiliza na kitabu cha karatasi: kipi kifanye kazi ipi

Ubishi wa kama kusikiliza kitabu ni kukisoma haumsaidii mtu anayetaka kuchagua. Swali lenye faida ni hili: nani anashika mwendo? Kwenye karatasi mwendo uko machoni mwa msomaji. Sentensi ngumu ikija, jicho linapunguza kasi lenyewe, linarudi maneno mawili matatu, kisha linaendelea bila mwenyewe kutambua. Wanaopima mwendo wa macho wanajua kwamba hata kwa msomaji mzoefu, kati ya kila miruko 100 ya jicho, kama 10 hadi 15 inarudi nyuma. Kwenye sauti, mwendo anao msimulizi. Hajui kwamba umekwama, naye anazidi kwenda. Sifa na kasoro nyingi za aina hizi mbili zinaanzia hapo, na ukilishika hilo utaweza kukisia mapema kitabu kipi kitakushinda masikioni.

Tuanze na muda, maana ndipo hesabu za watu huharibika. Msimulizi wa Kiingereza husoma maneno 150 hadi 160 kwa dakika, sawa na maneno 9,300 hivi kwa saa. Kwa kusoma kimyakimya, uchambuzi wa Marc Brysbaert wa mwaka 2019, uliojumlisha tafiti 190, ulipata wastani wa maneno 238 kwa dakika kwa maandishi ya Kiingereza yasiyo ya kubuni. Kwa hiyo kitabu cha maneno 80,000 kinachukua kama saa 8 na dakika 36 kukisikiliza, na saa 5 na dakika 36 kukisoma. Tofauti ni saa 3 kamili. Ukiweka kasi ya 1.5, msimulizi anafika maneno 232 kwa dakika, na hapo sikio na jicho vinakwenda karibu sawa. Hesabu ya maneno haihamii kwenye Kiswahili moja kwa moja, kwa sababu "hawajatuambia" ni neno moja lenye silabi saba. Kwa vitabu vyetu hesabu saa za faili na idadi ya kurasa, achana na maneno.

Kasi yenyewe ina adabu yake. Programu za sasa hukata na kuunganisha vipande vidogo sana vya sauti ili mwendo uongezeke bila sauti kuwa nyembamba, na zinafanya kazi hiyo vizuri. Kinachoshindwa ni akili, hasa ikiwa bado haijaizoea sauti ya msimulizi. Sikiliza dakika 20 za mwanzo kwa kasi ya kawaida, kisha panda hadi 1.1, halafu 1.2 kwenye sura inayofuata, na uendelee kwa hatua ndogo za namna hiyo. Kila baada ya dakika 10 simamisha na utaje mambo matatu uliyoyasikia. Ukikwama kwenye la pili, shuka hatua moja. Hadithi nyingi zinavumilia 1.25 bila kupoteza ladha, na saa 10 zinakuwa 8. Kasi ya 2 naiona inafaa kwa kurudia kitabu unachokijua tu. Kwa kitabu kipya, vituo ambavyo msimulizi ameviweka ili maana itulie vinabanwa navyo, na hivyo vituo ni sehemu ya maana.

Vipi kuhusu kuelewa? Mwaka 2016 Beth Rogowsky na wenzake waliwagawa watu wazima katika makundi matatu: waliosikiliza, waliosoma, na waliofanya yote mawili kwa pamoja. Walipopimwa, tofauti ya maana haikuonekana, papo hapo wala baada ya wiki mbili. Utafiti huo hutajwa sana kutetea vitabu vya sauti, lakini jambo moja husahaulika: waliosoma walisoma kwenye kifaa cha kielektroniki, si karatasi, na kilichosomwa kilikuwa simulizi ya kweli yenye mtiririko wa matukio. Mwaka 2010 David Daniel na William Woody walitumia makala ya kitaaluma kwa wanafunzi, na waliosikiliza walifanya vibaya zaidi kwenye jaribio kuliko waliosoma. Tafiti hizi mbili hazigombani. Simulizi ina kamba ya matukio ya kushikilia, na hata ukiteleza kidogo unaidaka tena. Hoja ya kitaaluma imejengwa tofali juu ya tofali, na ukikosa moja la chini, yote yanayofuata yanaelea.

Kwa hiyo riwaya, wasifu, kumbukumbu za mtu zilizosomwa na mwandishi mwenyewe, na historia iliyosimuliwa kwa mpangilio wa matukio, hivi vyote vinakaa vizuri sikioni. Mazungumzo ya wahusika hupata uhai ambao wasomaji wengi hawawezi kujitengenezea kichwani. Tamthilia ndiyo inayonufaika kuliko zote, maana iliandikwa isikike. Vitabu vya hesabu, sheria, programu za kompyuta, na chochote chenye majedwali, vichukue vya karatasi bila kusita. Jedwali la safu 5 na mistari 12 lina visanduku 60. Likisomwa kwa sauti, ukifika kisanduku cha 20 umeshasahau safu ya pili ilihusu nini. Wachapishaji wengine huambatisha faili la michoro na ramani. Litafute kabla ya kuanza, kwani mara nyingi liko kwenye ukurasa wa kitabu na si ndani ya faili la sauti. Tanbihi nazo, ama zimerukwa zote, ama zimesomwa katikati ya sentensi na kuivunja.

Kundi la tatu linahitaji tahadhari: riwaya zenye wahusika wengi wa majina ya kigeni. Msikilizaji hajui jina linavyoandikwa, hivyo halishiki, na majina mawili yanayofanana kwa sauti yanageuka mtu mmoja. Dawa ni rahisi. Andika orodha ya majina kwenye karatasi ndogo ndani ya saa ya kwanza, kila moja na maneno matatu ya kumtambulisha mtu huyo.

Mawazo yanapohama

Lalamiko kubwa la wanaoacha vitabu vya sauti ni hili: "nashtuka sura imepita sijasikia kitu." Halitokani na uvivu. Mwaka 2013 Trish Varao Sousa na wenzake walilinganisha kusoma kwa sauti, kusoma kimya na kusikiliza, wakakuta mawazo yanahama zaidi kwa anayesikiliza, na yanahama mara chache kuliko wote kwa anayesoma kwa sauti. Sababu inaeleweka. Karatasi haisongi bila wewe. Ukiacha kusoma, jicho husimama au huzunguka pale pale kwenye aya. Sauti haisubiri.

Dawa ya kwanza ni kuchagua kazi ya kuambatanisha. Kazi ya mikono isiyo na maneno inafaa: kuosha vyombo, kupiga pasi, kutembea njia unayoijua, kupaka ukuta rangi. Kazi yoyote yenye lugha haifai hata kidogo. Ukijibu ujumbe wakati kitabu kinaendelea, hujafanya mambo mawili, umekosa kitabu kwa muda wote ulioandika, kwani akili haiwezi kufuata mikondo miwili ya maneno kwa wakati mmoja. Kuendesha gari kwenye barabara tulivu kunawezekana, lakini unapoingia mjini au unapotafuta njia mpya, simamisha. Kukaa tu bila kufanya lolote nako kuna shida yake, kwa kuwa wengi husinzia au hushika simu.

Dawa ya pili iko kwenye vitufe. Weka kitufe cha kurudi nyuma kiwe sekunde 15, ambazo ni maneno kama 40, yaani sentensi mbili hivi. Sekunde 30 ni aya nzima, na mtu huona uvivu kurudia aya nzima kwa ajili ya neno moja, akaacha kurudi kabisa. Ukiwa na hedifoni zenye kitufe, kihamishie hapo ili usilazimike kuitoa simu mfukoni na mikono yako ina povu. Washa pia, kama programu inayo, mpangilio wa kurudi nyuma kidogo kila unapoanza tena baada ya kusimamisha.

Kwa wanaosikiliza kitandani, kipima muda cha kuzima sauti kiwe dakika 15, si saa nzima. Ukisinzia dakika ya 5, umepoteza dakika 10 tu, na kesho unajua pa kurudi. Mpangilio wa "mwisho wa sura" unavutia, ila sura nyingine zina dakika 50. Kabla ya kulala weka alamisho kwa mkono, maana programu ikikumbuka mahali itakumbuka pale sauti ilipoishia, si pale ulipolala.

Kupima msimulizi kabla ya kununua

Sampuli nyingi hutolewa mwanzoni mwa kitabu, ambako msimulizi ana nguvu na sauti imesafishwa vizuri. Ukiweza, sikiliza dakika 5 za katikati. Tega sikio kwa mambo manne: pumzi zinazosikika kabla ya kila sentensi, milio ya mate mdomoni, herufi "s" inayokwaruza, na mwangwi wa chumba. La tano ndilo linaloudhi zaidi baada ya saa kadhaa, nalo ni sauti kubadilika ghafla katikati ya ukurasa, dalili kwamba kosa lilirekodiwa upya siku nyingine, maikrofoni ikiwa mbali kidogo zaidi.

Viwango vipo. ACX, jukwaa la kutengenezea vitabu vya sauti la Audible, duka la mtandaoni la vitabu hivyo, linadai kila faili liwe na wastani wa sauti kati ya desibeli -23 na -18 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na ndani ya faili 0 ndiyo juu kabisa), kilele kisipite -3, na kelele ya chumba ishuke hadi -60 au chini yake. Kitabu kilichofuata viwango hivyo hakikulazimishi kuongeza na kupunguza sauti kila sura. LibriVox, mradi wa kujitolea ulioanzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire, hutoa bure vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha Marekani. Ni hazina, na nawapendekezea watu wote wanaoanza. Ila wasomaji ni wa kujitolea, ubora unatofautiana sana, na kitabu kimoja huweza kuwa na wasomaji kadhaa, mmoja kila sura. Angalia kama kimeandikwa kuwa kina msomaji mmoja kabla ya kukipakua.

Sauti za mashine zinazidi kuenea, na kwa Kiswahili zina mitego ambayo Kiingereza hakina. Andiko likiwa na "vitabu 3", mashine isiyojua ngeli itatamka "vitabu tatu", na "wanafunzi 2" itakuwa "wanafunzi mbili". Vifupisho kama "n.k." na "k.m." husomwa herufi kwa herufi. "Ng'ombe" huvunjika vipande viwili pale alama ya ritifaa inapoandikwa kwa herufi ambayo mashine haikuitegemea. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo kwa sehemu kubwa mashine hupatia, lakini barabara ya kupita magari na barabara ya kusema "sawasawa kabisa" hutofautiana kwa mkazo tu, na hapo mashine hubahatisha. Kwa makala fupi ya habari linavumilika. Kwa riwaya ya saa 9 utachoka kabla ya sura ya tatu. Pima kwa ukurasa wenye tarakimu nyingi na majina ya watu, utajua mara moja.

Angalia pia neno "kimefupishwa". Toleo lililofupishwa laweza kuwa limekatwa karibu nusu ya kitabu. Linganisha saa za faili na ukubwa wa kitabu: maneno 80,000 ya Kiingereza yakikaa kwenye saa 4, kuna kilichokatwa.

Mafaili na umiliki

Sauti ya mtu mmoja haihitaji stirio. Kilobiti 64 kwa sekunde kwa mono, yaani mkondo mmoja wa sauti, zinatosha, nazo ni megabaiti 29 hivi kwa saa, yaani 290 kwa kitabu cha saa 10. Ukichukua kilobiti 128, nafasi inakuwa maradufu na faida ni ndogo mno kwenye hedifoni za kawaida. Pakua kitabu kizima kabla ya safari.

Mafaili ya M4B hubeba sura ndani ya faili moja na programu nyingi hukumbuka mahali ulipoishia. MP3 huja mafungu, na hapo kuna kosa linalowasumbua wengi: mafaili yakiitwa 1, 2, 3 hadi 12, vichezeo vingine vya sauti hupanga 1, 10, 11, 12, 2, na msikilizaji anadhani mwandishi amechanganyikiwa. Yape majina mapya 01, 02, 03, na kitabu kikizidi sura 99 anza na 001. Hakikisha pia kitufe cha kuchanganya nyimbo kimezimwa, na ikiwezekana usitumie kichezeo cha muziki kabisa.

Kuhusu umiliki, karatasi inashinda wazi. Kitabu cha karatasi unakiazimisha, unakiuza, unakirithisha. Faili lenye kufuli ya kidijitali mara nyingi ni leseni ya kusikiliza ndani ya programu moja, kwa akaunti moja. Soma masharti sehemu inayoeleza kitakachotokea ukisitisha uanachama. Kwenye huduma nyingine vitabu ulivyonunua vinabaki, kwenye nyingine ulikuwa unakodi tu na vyote vinaondoka.

Karatasi nayo ina mafundi wabovu. Tazama ncha ya juu ya mgongo wa kitabu. Ukiona mafungu madogo yaliyokunjwa, kila moja na mkunjo wake, huenda kimeshonwa kwa uzi na kitafunguka kikalala mezani. Ukiona kurasa moja moja zimekatwa bapa na kuzamishwa kwenye gundi, kifungue kwa utaratibu: simamisha mgongo juu ya meza, laza jalada la mbele, kisha la nyuma, halafu laza kurasa chache kutoka kila upande kwa zamu hadi ukutane katikati. Ukikikunjua kwa nguvu mara ya kwanza, gundi hupasuka katikati na kurasa huanza kudondoka. Joto la ndani ya gari lililofungwa hulainisha gundi hiyo pia. Pindua kurasa zote kabla ya kuondoka dukani, kwa sababu vitabu huchapwa kwa mafungu, aghalabu ya kurasa 16 au 32, na fungu moja likirukwa au likiwekwa mara mbili utaligundua ukiwa ukurasa wa 180. Karatasi yenye lignini, gundi ya asili ya mti, hugeuka njano na kuwa kavu. Kitabu unachotaka kidumu, kiwe na alama ya ISO 9706, kiwango cha karatasi ya kudumu. Na pima pambizo ya ndani: maneno yakizama kwenye mgongo, utakuwa unakivuta kitabu kila ukurasa.

Wasioona na wenye shida ya kusoma

Mtu asiyeona hachagui kati ya viwili, na ni kwa ajili yake vitabu vya sauti vilianza. Miaka ya 1930, nchini Marekani na Uingereza, maktaba za wasioona zilianza kutoa vitabu kwenye santuri. Za Marekani zilikuwa na dakika kama 15 kila upande, hivyo kitabu cha saa 10 kilikuwa santuri 20 za kubeba. Leo chaguo lao bora si MP3 bali DAISY, mfumo unaosimamiwa na muungano ulioundwa mwaka 1996. Ndani yake msikilizaji anaruka kutoka kichwa cha habari hadi kingine, au anakwenda ukurasa wa 74 moja kwa moja. Mwanafunzi anayeambiwa na mwalimu "fungueni ukurasa wa 74" anahitaji hilo kuliko sauti tamu. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioanza kutumika 2016, unaziruhusu taasisi zilizoidhinishwa katika nchi wanachama kutengeneza nakala za namna hii na kuzipeleka nchi nyingine wanachama bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki. Ulizia maktaba iliyo karibu kama imeidhinishwa.

Kwa mwenye shida ya kutambua herufi, mpe vyote viwili kwa pamoja: sauti kwa kasi ya 0.9 na kidole juu ya mstari. Anayejifunza lugha naye afanye hivyo hivyo.

Masikio yalindwe. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, lakini desibeli 90 ni saa 4 tu kwa wiki. Kwenye basi lenye kelele watu hupandisha sauti bila kujua, kwa hiyo hedifoni zinazoziba sikio vizuri zina kazi kubwa kuliko spika nzuri ndani yake.

Anayemudu nakala zote mbili anaweza kuzifunganisha kwa hesabu ndogo. Chukua dakika zote za sauti ugawe kwa kurasa za matini. Kitabu cha saa 10 chenye kurasa 300 kinakwenda dakika 2 kwa ukurasa. Ukisikia jambo la kuhifadhi kwenye saa 3 na dakika 20, hizo ni dakika 200, fungua karibu na ukurasa wa 100 na uliwekee alama kwa penseli. Faharasa na orodha ya marejeo mara nyingi hazisomwi, hivyo ziondoe kwenye idadi ya kurasa kabla ya kugawanya. Utangulizi nao huweza kukosekana kwenye sauti, na hesabu ikikosea kwa kurasa 8 au 10 tangu mwanzo, huyo ndiye mchawi.